Moto wa Biali

Fridley, Jumapili, 4 Mei

Ninaanza daftari hili kwa kusudi moja lenye mipaka: kuonja, kila Jumapili ya msimu wa soko la wazi la hapa ughaibuni, mkate wa aina moja kutoka kibanda kimoja, na kuandika ninachokiona. Kazi yangu ya siku za juma ni kuhakiki mizani za maabara. Najua kwamba kipimo kimoja hakithibitishi kitu. Jumapili za msimu huu ni ishirini na sita.

Mkate wenyewe huitwa biali, na asili yake ni Wayahudi wa mji wa Bialystok, Polandi. Ni mduara wa ukubwa wa kiganja. Tofauti na beigeli, mkate mwingine wa Kiyahudi, hauchemshwi kabla ya kuokwa wala hauna tundu. Una kibonyeo katikati, kilichojazwa vitunguu vilivyokatwakatwa na mbegu za mpopi. Mwokaji ni Mzee Hershel, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na goti bovu la kulia. Msaidizi wake ni Elinaja, binti wa Kipare kutoka Same, mpangaji wangu wa chumba cha chini, ambaye siku nyingine hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Coon Rapids, mji wa jirani. Wawili hao walikubaliana kwa sababu nisiyoitarajia. Elinaja ni Msabato, hafanyi kazi Jumamosi. Mzee ni Myahudi mshika dini, naye hafanyi kazi Jumamosi. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kumwomba mwenzake radhi kwa sharti hilo.

Biali ya kwanza: gramu themanini na nane. Ukoko mwembamba, wenye vumbi la unga. Kitunguu kitamu, hakikuungua. Mbegu chache mno.

11 Mei

Gramu tisini na moja. Mvua nyepesi. Kitunguu kimezidi.

18 Mei

Leo nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wanunuzi, nikaona jinsi tanuri linavyowashwa. Ni tanuri la zamani la gesi, limefungwa juu ya trela nyuma ya meza, na mlango wa kuwashia uko chini kabisa, karibu na ardhi. Mzee Hershel alishika ukingo wa trela, akashusha goti zima, kisha lile bovu, akaguna, akawasha njiti ya kiberiti, akaiingiza ndani. Elinaja alisimama hatua moja kando yake, mikono nyuma, kama askari kwenye gwaride. Hakumshika hata kiwiko mpaka moto uliposhika. Ndipo akamwinua.

Nilimwuliza garini tulipokuwa tukirudi.

“Elinaja, kwenu Same hamfundishwi kumpokea mzee mzigo?”

“Tunafundishwa, dada.”

“Mbona unamwacha apige magoti?”

“Ule ni moto wake.”

“Wake kivipi? Gesi inanunuliwa dukani.”

Akacheka. “Muulize mwenyewe, dada Avelina.”

Sikumwuliza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ni uvivu uliovikwa adabu.

Biali: gramu themanini na saba.

25 Mei

Meza ya jirani ni ya Griffins, Mjaluo wa Kisumu, muuguzi ambaye Jumapili huuza kahawa ya Kenya. Aliponiona nikitoa mzani mfukoni alipaza sauti.

“Prof! Umekuja na mzani tena? Kwani hii mkate ilikosea nani?”

“Nataka kujua kama ni uleule wa wiki iliyopita.”

“Si ni mkate tu! Uki-weigh kitu kila siku itaanza kukuogopa.” Kisha akamgeukia Elinaja. “Na wewe Eli, mwambie huyo mzee hii shimo amesahau kuweka jam.”

“Nunua kwanza, ndipo utukane,” Elinaja akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye donge la unga.

Akanunua mbili. Gramu themanini na tisa.

8 Juni

Gramu tisini. Hakuna la kuandika.

15 Juni

Moshi wa misitu inayoungua Kanada umefunika jiji lote. Ladha ya kitunguu haipimiki katika hewa kama hii. Nimekitenga kipimo cha leo na vingine.

22 Juni

Upepo mkali kutoka kusini. Moto ulizimika mara mbili baada ya kuwashwa. Mara zote mbili Elinaja alisema tu, “Mzee, umezimika,” akasogea kando kumpisha. Mzee akapiga magoti mara tatu kwa jumla, mara ya tatu akiwa mweupe midomo. Kiberiti kilikuwa juu ya meza, sentimita thelathini kutoka mkono wa Elinaja.

Nimegundua pia kwamba Elinaja haondoki karibu na tanuri mpaka mikate ya mwisho itoke. Wanunuzi wakizidi, huwaita waje upande wake badala ya yeye kuwafuata. Nilifikiri anawakwepa.

Gramu themanini na nne. Katikati palikuwa pabichi.

13 Julai

Naona imenilazimu kurekebisha maoni yangu, angalau sehemu yake. Biali nane nilizozipima Jumapili hii na iliyopita zimetofautiana kwa gramu tatu tu, na tangu mwanzo wa mwezi anayekata na kubonyeza donge ni Elinaja. Hutumia vidole gumba viwili, kutoka katikati kwenda nje, mara nne. Hapimi. Nilimwomba akate vipande kumi bila mzani, nikavipima: kile kikubwa kabisa kilikizidi kile kidogo kabisa kwa gramu mbili. Katika maabara ninazozikagua kuna watu wenye shahada wasioweza kufanya hivyo kwa kutumia mashine.

Jioni alipanda jikoni kwangu kuazima sufuria akaketi, jambo asilolifanya mara nyingi. Mzee atafanyiwa upasuaji wa goti Desemba. Anataka msimu ujao kibanda kiwe mikononi mwa Elinaja: donge, meza, wanunuzi, kila kitu, yeye atakuja asubuhi tu. Lakini kibanda kina cheti cha kosha, cha chakula kilicho halali kwa Wayahudi, na rabi anayekisimamia ndiye atakayeamua kama mtu asiye Myahudi anaweza kuachiwa.

“Unakitaka?” nikamwuliza.

“Dada, miaka tisa nawainua watu kitandani. Mgongo umechoka, lakini si mgongo tu. Nataka kazi ambayo ukimaliza unaona kitu mezani.”

“Na rabi akikataa?”

“Mzee amesema bila cheti anauza trela.”

Cheti hicho nimekiona tangu Mei. Kimewekwa fremu, kimetundikwa kwenye nguzo ya kushoto. Sikuwahi kuuliza kinathibitisha nini.

3 Agosti

Kibanda kimefungwa. Karatasi mlangoni mwa trela: “Leo ni siku ya mfungo wetu.” Elinaja amelala hadi saa tatu.

17 Agosti

Gramu themanini na tisa. Joto. Nyigu.

31 Agosti

Rabi amekuja. Ni kijana kuliko nilivyodhani, ndevu nyekundu, viatu vya kukimbilia. Alisimama nusu saa nyuma ya meza, akamwuliza Elinaja maswali, naye akajibu bila haraka. Nilikuwa mbali, sikusikia. Alipoondoka aliahidi kurudi baada ya sikukuu zao.

“Kakuuliza nini?” nikamwuliza Elinaja.

“Kwamba mzee akiwa hayupo nasimama wapi.”

“Ukamjibu?”

“Pale pale ninaposimama.”

14 Septemba

Gramu themanini na tisa. Gramu themanini na tisa kwa Jumapili tatu mfululizo.

21 Septemba

Mwaka mpya wa Kiyahudi unaanza kesho jioni, na kuanzia hapo kuna siku kumi ambazo, kwa maneno ya Mzee Hershel, “hata mzembe anakuwa mwangalifu.” Oda za Jumapili ijayo ni mara mbili ya kawaida. Watu watagandisha biali kwa ajili ya mlo wa kabla ya mfungo wa siku ya kumi.

28 Septemba

Ninaandika kwa mpangilio wa matukio, kwa kuwa mpangilio ndio kitu pekee ninachoweza kukidhamini.

Nilifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Upepo ulikuwa mkali tangu usiku. Turubai la Griffins lilikuwa limeng’oka upande mmoja. Mzee alikuwa amekwisha kuwasha tanuri, na alikuwa amekwenda kwenye gari lake, mwisho kabisa wa uwanja, kuleta masanduku. Trei nne za donge zilikuwa tayari. Ndipo dumu la maji likaonekana limepasuka chini na meza yote imelowa. Elinaja alilitazama dumu, akalitazama tanuri, akanitazama mimi.

“Dada, niangalizie hapo dakika tano. Nakwenda bombani.”

Nikasema sawa. Akaondoka akikimbia.

Baada ya dakika mbili hivi upepo ulipiga na mngurumo wa gesi ukakatika. Nilijua sauti ile tangu Juni. Niliangalia upande wa gari: mzee alikuwa bado mbali, akivuta kigari chenye masanduku, akichechemea. Niliangalia donge: lilikuwa limefika kimo, na dakika kumi zaidi lingeporomoka. Kiberiti kilikuwa juu ya meza. Nilifunga gesi, nikasubiri hewa isafike kama inavyotakiwa, nikapiga magoti, nikaifungua tena na kuwasha. Nilifanya kwa usahihi. Niliposimama nilijipangusa vumbi, na nakiri kwamba niliridhika: nilikuwa nimefanya kwa sekunde tisini jambo ambalo mtu mwingine alikataa kulifanya msimu mzima.

Elinaja alirudi na ndoo, akaona moto unawaka kama alivyouacha, akaingiza trei. Sikumwambia. Halikuonekana kuwa jambo la kuambiana.

Kufikia saa mbili na nusu walikuwa wameuza dazeni kumi na tano. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha kijivu kichwani aliinama mezani akamwuliza mzee, kwa sauti ya mtu anayejua jibu:

“Umewasha mwenyewe, Hershel?”

“Goti langu ni shahidi,” mzee akajibu, na watu wakacheka.

Nikamwuliza yule mwanamke, kwa udadisi tu, kwa nini anauliza. Alinieleza kwa ukarimu. Mkate uliookwa kwa moto ambao hakuna Myahudi aliyeuwasha, wao, wateja wa kibanda hiki, hawauli. Wengine huwa hawajali sana mwaka mzima, lakini katika siku hizi kumi hujali. Myahudi akiwasha moto, akaoka mwingine yeyote, si neno. “Ndiyo maana tunampenda yule binti,” akasema akimwonyesha Elinaja. “Hausogelei. Anausimamia tu.”

Nilisimama na biali yangu mkononi. Nilielewa mikono ile iliyowekwa nyuma, na kwa nini haondoki penye tanuri, na swali la rabi la mwezi uliopita. Nilielewa pia kwamba hakuna chombo chochote duniani kinachoweza kuitofautisha biali ya leo na ya wiki iliyopita. Nikajaribu kuifanya hoja hiyo ya pili iishinde ya kwanza. Ilikuwa hoja nzuri. Niliizungusha kichwani hadi soko likafungwa, na wakati ninaizungusha waliuza dazeni saba nyingine.

Nikisema, kosa litamwangukia Elinaja: ndiye aliyeachiwa kusimamia, ndiye aliyeondoka, na rabi hajaamua bado. Nisiposema, hakuna atakayejua.

Sikusema.

29 Septemba

Kazini. Nimehakiki mizani sita. Moja nimeikataa.

30 Septemba

Nilishuka chini saa kumi na moja jioni, Elinaja alipotoka zamu. Alikuwa anavua viatu.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Elinaja, Jumapili ulipokwenda bombani moto ulizimika. Niliuwasha mimi.”

Aliacha kiatu kimoja mguuni. Nikaanza kumweleza: kwamba sikujua, kwamba kimaumbile mkate ule hauna tofauti yoyote, kwamba tunaweza kupima athari za kusema na za kutosema. Alinisikiliza kidogo tu.

“Dada, kwetu mama akikutengea chakula akakwambia hakina nguruwe, hupimi. Unakula. Wale watu wamekula kwa neno la mzee, na mzee kasema kwa neno langu.”

Alikuwa tayari ameshika simu. Sikuwa nimemaliza sentensi.

“Mzee Hershel? Ni Elinaja. Mzee, moto wa Jumapili haukuwa wako. Ulizimika. Nilikwenda kuchota maji nikauacha.” Akasikiliza. “Mtu wa nyumbani kwangu. Hakujua.” Akasikiliza tena, kiatu bado mguuni. “Ndiyo. Ndiyo, mzee. Nimeelewa.”

Akaiweka simu kitandani.

“Kasema nini?”

“Kasema atampigia rabi. Kisha atawapigia waliochukua.”

“Na kibanda?”

“Hakusema. Sikumwuliza.”

Nikauliza lile lililobaki. “Kwa nini hukunitaja?”

“Wewe ni dada yangu, tena mwenye nyumba. Nitakutajaje kwenye simu kama mwizi wa kuku?” Akavua kiatu cha pili. “Ukitaka kutajwa, dada, una miguu.”

1 Oktoba

Niliomba ruhusa kazini na saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Hershel, Highland Park. Alifungua akiwa na aproni, simu mkononi.

“Mama mwenye mzani,” akasema.

“Niliyewasha moto ni mimi.”

“Najua. Nyumbani kwake mko wawili.”

Nilikuwa nimeandaa maelezo garini: mlolongo wa dakika, sababu, kutokujua. Nikafika mahali pa kusema kwamba mkate wenyewe, kwa vipimo vyote, ulikuwa hauna kasoro. Akainua kiganja.

“Mama, sijasema ulikuwa mkate mbaya.”

Akanikaribisha jikoni. Juu ya meza kulikuwa na orodha ya majina, mengi yamepigwa mstari. Alikuwa akipiga simu tangu jana. Si yeye wa kuwaamulia watu watakachokifanya na mkate wao, alisema. Kazi yake ni kuhakikisha wanajua. Watatu hawakupokea. Alinakili anwani zao kwenye karatasi, polepole, akaisukuma upande wangu.

“Mimi siwezi kuendesha na goti hili. Na jua likizama leo nafunga. Kabla ya hapo lazima wawe wameambiwa.”

“Niwaambie nini?”

“Ulichoniambia mimi. Kile cha mwanzo. Kile cha gramu kiache.”

Nyumba ya kwanza, kijana aliyevaa suti alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema asante, akaingia ndani, akarudi na mfuko ambao haujafunguliwa, akanipa, akafunga mlango. Ya pili, mama mwenye mtoto mgongoni alisema wao hawashiki jambo hilo kwa ukali, watakula, lakini akaniuliza mara mbili kama nimekuja peke yangu.

Ya tatu ilikuwa Saint Louis Park, orofa ya nne. Bibi mfupi sana alinifungulia. Nikasema maneno yangu.

“Nimekula mbili,” akasema. “Zilikuwa tamu. Sasa unataka nizirudishe?”

Sikujua kama natakiwa kucheka. Yeye alicheka.

“Kwa nini uliuwasha?”

“Niliona mzee anapiga magoti kila wiki na hakuna anayemsaidia.”

“Ulimwuliza?”

“Hapana.”

“Kila wiki?”

“Tangu Mei.”

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Kama mtu anayesoma lebo ya dawa. Kisha akaenda kwenye friza, nikasikia droo ikivutwa, akarudi na mfuko wenye barafu.

“Zimebaki kumi. Kwako wewe hazina neno. Uzile, usizitupe, ni dhambi kutupa mkate.” Alipokuwa akifunga mlango akaongeza: “Na yule binti, mwambieni asilie.”

Sijawahi kumwona Elinaja akilia, na sikuwa na ushahidi kwamba alilia. Niliendesha gari hadi Fridley nikiwa na mifuko miwili kwenye kiti cha kando.

Alirudi saa kumi na moja na nusu, akapanda moja kwa moja jikoni, bado na sare ya kazi. Mzee alikuwa amempigia simu akiwa kazini. Rabi amesema waliokula walikula bila kujua, na hilo limekwisha. Kuhusu kibanda, alimwuliza mzee jambo moja tu: habari hii ameipata kwa nani? Mzee akamjibu: kwa binti mwenyewe, kabla hajaulizwa na mtu. Rabi akasema basi aachiwe. Kutakuwa na moto mdogo wa kudumu ndani ya tanuri, utakaowashwa na mzee kila asubuhi na kukingwa upepo, ili tanuri likizimika liwashwe kwa moto huohuo. Cheti kinabaki.

“Hongera, Elinaja.”

“Asante, dada.”

Nilimwambia kwamba namwomba radhi. Kwa moto, na kwa yale niliyomwambia garini mwezi wa Mei. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwomba radhi mtu mdogo kwangu kwa umri. Maneno yalitoka yamenyooka kupita kiasi, kama barua ya ofisi. Aliyapokea kwa kuinamisha kichwa.

Nilipasha biali nne. Akachemsha chai ya tangawizi. Tulikula, naye alipaka siagi nyingi, jambo ambalo mzee hulikataza. Alipomaliza ya pili alifuta vidole, akaweka kikombe chini.

“Dada Avelina.”

“Naam.”

“Jumapili hii usije.”

Nikaweka kikombe changu kando ya chake.

“Na ile nyingine?”

“Nitakwambia.”

Alisema kwa heshima yote, macho chini, kama anavyoniamkia kila siku. Na ilikuwa wazi kwamba si ombi. Ni agizo la kwanza alilolitoa kama mwenye kibanda. Nimelitafuta kosa ndani yake, sikuliona.

“Sawa,” nikasema.

Akaosha vikombe vyote viwili, akaaga, akashuka chini.

5 Oktoba

Sikwenda.